Mwizi na Mtaa Wake: Dibaji Mbili za Charles Dickens

Charles Dickens aliandika dibaji mbili kwa hadithi yake moja, Oliver Twist, na dibaji hizo hazipatani. Katika ile ya mwaka 1841 alieleza kwamba mtoto Oliver aliwekwa hadithini ili aonyeshe jinsi wema uwezavyo kupita katika kila namna ya dhiki na mwisho ukashinda. Katika ile ya mwaka 1850 alikuwa akimjibu mkubwa mmoja wa Jiji la London, Sir Peter Laurie, aliyedai kwamba mtaa wa Jacob's Island haukuwako ila katika hadithi. Hapo alisema kwamba hakuna jambo la maana liwezalo kufanywa kuwainua maskini wa Uingereza mpaka kwanza makao yao yawe safi na yenye kustahili kukaliwa na watu. Dibaji ya kwanza yafundisha kwamba moyo mwema hauhitaji mtaa mwema. Ya pili yafundisha kwamba bila ya mtaa mwema moyo hauna pa kushika. Baina ya mbili hizo ilipita miaka tisa tu.

Jambo hili si dogo, wala si la London peke yake. Swali lililomo ndani yake ndilo lile lile liulizwalo kila siku mahakamani, na jioni barazani: je, wizi ni wa mtu au ni wa mahali? Wahenga wa Kiswahili nao walilijibu kwa pande zote mbili. Walisema mwana wa nyoka ni nyoka. Tena wakasema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Msemo wa kwanza huilaumu damu, wa pili huutazama mji. Hadithi ya Dickens, ikisomwa kwa makini, hutoa jibu lililo bora kuliko dibaji zote mbili. Wala jibu hilo halitoki kwa Oliver. Latoka kwa mvulana mwingine, ambaye msomaji aghalabu humsahau mara afungapo kitabu.

Yafaa kwanza kuutazama mtaa wenyewe. Oliver, yatima aliyelelewa katika nyumba ya maskini, anatoroka kwa mtengeneza majeneza aliyekabidhiwa kwake kufunzwa kazi, anakwenda London kwa miguu, naye anaingizwa mjini usiku na kijana Jack Dawkins, ambaye wenzake humwita Artful Dodger. Wanapita Saffron Hill. Njia ni nyembamba, imejaa tope, na harufu yake yatia kichefuchefu; watoto wadogo wanatambaa milangoni saa ambazo mtoto hupaswa kuwa amelala; na biashara iliyostawi ni ya vilabu vya pombe. Pembeni mwa njia kuna vipenyo na nyua za ndani, ambamo walevi hugaagaa katika uchafu. Maelezo haya yalijulikana sana, na wako waliodhani kwamba hayo ndiyo mafundisho ya Dickens yote kuhusu mahali, yaani kwamba tope huzaa wezi kama lizaavyo mbu.

Lakini Dickens aliona zaidi ya tope. Katika nyumba ya Fagin, mzee awapokeaye watoto hao, kuna mchezo. Mzee hujaza mifuko yake saa, leso na kijaluba cha ugoro, akatembea chumbani kama bwana mkubwa atazamaye madirisha ya maduka, na wavulana humfuata nyuma wakimchopoa vitu pasipo yeye kuhisi. Oliver alicheka hata machozi yakamtoka. Hapana budi kulikumbuka neno hili, maana huyu ndiye mtoto ambaye wema wake, kwa mujibu wa dibaji ya 1841, haukuweza kuguswa. Katika nyumba ya maskini hakuchezeshwa na mtu, na kwa mtengeneza majeneza alilazwa kati ya majeneza. Mahali pa kwanza alipopata chakula cha moto, kicheko na wenzake wa rika moja palikuwa shule ya wizi. Mtaa mbaya, basi, haukumvuta kwa ubaya wake. Ulimvuta kwa lile jema dogo ambalo mahali pengine palimnyima.

Tena, karibu na hapo pana Field Lane. Katika kichochoro hicho leso za hariri za kila rangi zimetundikwa milangoni zikiuzwa, na msomaji ajua zilikotoka. Kina kinyozi wake, mkahawa wake, klabu yake na muuza samaki wa kukaanga wake. Ni mji mdogo uliojitosheleza. Kwa maelezo hayo mafupi Dickens aonyesha kwamba mwizi hawi mwizi peke yake. Leso iliyoibwa haiwi mali mpaka apatikane wa kuinunua, na mnunuzi yule hakai popote. Anakaa mtaa fulani, mlango fulani, akijulikana na majirani.

Kisha linakuja tendo lenyewe. Bwana Brownlow amesimama mbele ya meza ya muuza vitabu huko Clerkenwell, kitabu mkononi, akili yake yote imezama kurasani kana kwamba ameketi chumbani kwake. Dodger na rafiki yake Charley Bates wanamwona, wanamsogelea, wanamchopoa leso, wanatoweka. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba uhalifu wa namna hii hutukia pale vitu vitatu vinapokutana kwa wakati mmoja na mahali pamoja: mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachofaa kuibwa, na ukosefu wa mlinzi. Dickens alivikutanisha vitatu hivyo mbele ya meza ile zaidi ya miaka 140 kabla yao. Wala hakuviweka Saffron Hill penye tope. Aliviweka katika njia ya wazi, mchana, mbele ya duka la vitabu. Hivyo hadithi yatofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya daima: mahali panapomlea mwizi, na mahali panapompa nafasi. Pa kwanza paweza kuwa pachafu na pa pili pakawa pazuri.

Mpaka hapa hadithi yaiunga mkono dibaji ya 1850. Ugumu unaanza kwa Oliver. Amekulia miongoni mwa watu wasiojua adabu, na hata hivyo husema Kiingereza cha watu wa heshima. Amekaa na wezi, na hata hivyo hakuiba. Mwishoni msomaji anaambiwa kwamba baba yake alikuwa mtu mwenye mali na cheo. Kwa hiyo wema uliodhaniwa kuwa ni ushindi wa moyo waanza kuonekana kuwa ni urithi wa damu, kana kwamba mwandishi ameugeuza tu ule msemo wa mwana wa nyoka. Wala hata hivyo haudumu, kwa kuwa Monks, adui wa Oliver ambaye ni mwana wa baba yule yule, tena aliyelelewa katika mali, ni mwovu kuliko wavulana wote wa Fagin. Dickens amelikata tawi alilolikalia. Ikiwa damu humfanya mtu mwema, Monks asingalikuwa mwovu. Na ikiwa mtaa humfanya mwovu, Oliver asingalikuwa mwema.

Tena yako mandhari moja ambayo yaonyesha kwamba wema wa Oliver, uwe umetoka wapi, haukumsaidia kitu pale mahali palipomgeuka. Bwana Brownlow, ambaye amemchukua nyumbani kwake Pentonville na kumvika nguo mpya, anamtuma kwa muuza vitabu akiwa na noti ya pauni tano. Oliver anaingia ujia usio wake kwa bahati mbaya. Nancy, msichana wa genge la Fagin, anamrukia na kumkumbatia, akilia mbele ya wapita njia kwamba huyu ni mdogo wake aliyetoroka nyumbani. Watu wanakusanyika, wanamsikiliza Nancy, wanamhurumia, wanamkemea mtoto. Dakika chache baadaye Oliver yumo tena mikononi mwa wezi, na waliosaidia kumrudisha ni raia wema. Katika umati wa watu wasiojuana, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki. Moyo wa Oliver ulikuwa ule ule uliokuwa Pentonville asubuhi. Kilichobadilika ni njia.

Dickens mwenyewe alilijua jambo hili kwa mwili wake. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa ajili ya deni, naye mtoto akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Katika maandishi yake ya siri, ambayo rafiki yake John Forster aliyatoa baada ya mwandishi kufa, alikiri kwamba kwa jinsi alivyokuwa ameachwa, lau si rehema ya Mungu, angaliweza kwa urahisi kuwa mwizi mdogo au mzururaji. Hakusema kwamba moyo wake ulikuwa na nguvu. Na mvulana aliyemtendea hisani huko kiwandani aliitwa Bob Fagin. Jina hilo Dickens alilichukua akampa mwalimu wa wezi. Mwenye kulitafakari jambo hili huona kwamba kwa mtoto aliyeachwa, fadhili na hatari zaweza kuja kwa mkono mmoja.

Ndipo anapofika mvulana aliyetajwa mwanzoni, Charley Bates. Yeye hakuzaliwa na watu wa cheo; hadithi haimpi baba wala mama. Ni mwanafunzi wa Fagin kama Dodger, mcheshi, mwenye kucheka kila jambo, na ndiye aliyekuwa pamoja na Dodger mbele ya meza ya vitabu. Dodger anakamatwa kwa ajili ya kijaluba cha ugoro, na wenzake wanajua kwamba atavushwa bahari kwenda uhamishoni. Charley haendi njia hiyo. Baada ya Bill Sikes, mvunja nyumba wa genge lile, kumwua Nancy, moyo wa Charley unashtuka. Anaupa mgongo mtaa, anakwenda kuwa mtumishi wa mkulima, kisha kijana wa mchukuzi wa mizigo, anapata taabu kwa muda mrefu, na mwishowe anakuwa mfugaji mchangamfu kuliko wote katika jimbo la Northamptonshire. Dickens hakumpa nafasi kubwa. Msomaji mwenye haraka hupita bila kumwona.

Na hapo ndipo lilipo jibu. Oliver hathibitishi kitu, maana amepewa kila msaada ambao mwandishi aweza kumpa mtu wake: damu, urithi, na mabwana wawili wa kumwokoa. Charley hakupewa hata kimoja. Moyo wake ulishtuka, na hilo ni la mtu. Lakini mshtuko ule usingalifaa kitu kama angalibaki Saffron Hill, ambako kazi aliyoijua ilikuwa moja na mnunuzi wake alikuwa jirani. Ilimpasa kuhama, na hilo ni la mahali. Dibaji ya 1841 yataja nusu ya kwanza, ya 1850 yataja nusu ya pili. Charley Bates peke yake anazo zote mbili.

Kile ambacho Dickens alikisema kwa mvulana mmoja, wataalamu wawili wa Chicago walikuja kukionyesha kwa maelfu. Clifford Shaw na Henry McKay walichora katika ramani ya jiji lao makao ya watoto waliofikishwa mahakamani, wakachapa kitabu chao mwaka 1942. Waliona kwamba mitaa iliyopakana na kitovu cha jiji na viwanda, yenye nyumba mbovu na wapangaji wa kuja na kwenda, ilikuwa na idadi kubwa ya watoto hao mwanzoni mwa karne ya 20, na miaka mingi baadaye ilikuwa nayo vile vile, ilhali wakaaji wake walikuwa wamekwisha badilika. Walikaa humo Wajerumani na Waairishi, wakahama. Wakaingia Waitaliano na Wapolandi. Kila taifa lilipokuwa humo liliambiwa kwamba lina asili ya wizi, na watoto wa taifa lile lile walipohamia mitaa ya nje, sifa ile haikuwafuata. Hao wote walikuwa akina Charley Bates.

Hata hivyo fundisho hili lina hatari mbili, na zote mbili zimewahi kuwadhuru maskini. Ya kwanza ni kudhani kwamba ukivunja mtaa umevunja wizi. Mtaa wa St Giles, uliokuwa na sifa mbaya kuliko mingi ya London, ulipasuliwa katikati ili kupitisha barabara ya New Oxford Street, iliyofunguliwa mwaka 1847. Nyumba zilianguka, lakini watu hawakuanguka pamoja nazo. Walisongamana katika vichochoro vya jirani vilivyobaki, wakawa wengi zaidi katika chumba kimoja kuliko zamani. Ubomoaji ule uliwahamisha watu pasipo kuwapa mahali, na kuhama bila pa kufikia si kuhama kwa Charley.

Hatari ya pili ni kumhukumu mtu kwa mtaa wake. Ramani ya Chicago yahesabu mitaa, haihesabu nyoyo. Hata katika mitaa yake mibaya kabisa watoto wengi hawakuwahi kufikishwa mahakamani. Tena si mitaa ya maskini peke yake ifichayo maovu. Arthur Conan Doyle, katika kisa cha The Copper Beeches cha mwaka 1892, amweka Sherlock Holmes katika gari la moshi pamoja na rafiki yake Watson, wakipita mashambani. Watson asifu uzuri wa nyumba zilizotawanyika kati ya miti, Holmes aziogopa. Hoja yake ni kwamba katika kichochoro kiovu cha London kilio cha mtoto apigwaye husikiwa na majirani, na polisi hawako mbali, bali katika nyumba ile nzuri iliyo peke yake shambani mateso yaweza kuendelea mwaka hata mwaka pasipo mtu kujua. Kwa hoja hiyo mahali pa hatari ni mahali pasipo jirani, pawe pana ua la waridi au pana tope.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki, mizani ya mafundisho haya imo katika hadithi ya Meja Mwangi iitwayo Kill Me Quick, iliyotoka mwaka 1973. Meja na Maina hawakuzaliwa katika vichochoro. Wametoka vijijini, wamesoma, wana vyeti vyao, na wamekuja mjini kutafuta kazi. Kazi hakuna. Wanalala katika ujia wa nyuma ya maduka, wanakula kilichomo katika mapipa ya taka, na mwisho wizi na gereza vinawapokea pale ambapo ofisi zote ziliwakataa. Hapa safari imegeuzwa: Charley alitoka mtaa mbaya akaenda shamba akawa mtu, hawa wametoka shamba wakaja mjini wakawa wafungwa. Mpaka hapo Mwangi na Dickens wasema neno moja.

Lakini Mwangi aongeza jambo ambalo Dickens hakuliona. Ikiwa dawa ni kuhama, mbona Meja asirudi kwao? Naye kweli anajaribu, anafika karibu, kisha anarudi mjini. Kijijini hakuna Fagin wala Field Lane, hewa ni safi, na watu wanamjua. Hilo ndilo limzuialo: wanamjua, wamemsomesha, wanamngojea aje na mshahara. Charley Bates alifika Northamptonshire akiwa mgeni asiyedaiwa na mtu, akaweza kuanza chini kabisa bila aibu. Meja hawezi kuanza chini mbele ya mama yake. Mahali, basi, si kuta na tope na njia tu. Mahali ni watu wakungojeao, na kile wakungojeacho uwe. Saffron Hill ilimngojea mtoto awe mchopozi, naye akawa. Kijiji kilimngojea Meja awe bwana mwenye kazi, na kwa kuwa hakuweza, hakikuwa na jina lingine la kumwitia.

Wanafunzi wanaoisoma hadithi ya Dickens siku hizi watafanya vema warudi katika sura ya mahakama, baada ya leso kuibwa. Dodger na Charley, waliochopoa, wamejiunga na umati wakipiga kelele za mwizi, na Oliver, aliyekimbia kwa hofu, ndiye aliyekamatwa. Hakimu, Bwana Fang, anamtazama mtoto aliye katika nguo chakavu, hahitaji ushahidi, anamhukumu miezi mitatu ya kazi ngumu. Kwa hakimu huyo mtaa umekwisha toa ushahidi wote. Ndipo anapoingia muuza vitabu, akihema, na kueleza alichokiona: wavulana walikuwa watatu, na aliyeiba siye huyu. Alichelewa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia duka. Mwandishi wa Marekani Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya miji, alisema kwamba amani ya njia hulindwa kwanza na macho ya wenye maduka na wakaaji wake, kabla ya polisi. Dickens alimjua mwenye duka huyo mapema.

Kati ya Fang na muuza vitabu ndimo mnamochaguliwa namna ya kusoma. Wote wawili wamelitazama lile lile: mtoto, njia, na leso iliyopotea. Mmoja aliutumia mtaa kumfunga mtoto, mwingine aliufahamu mtaa wake vya kutosha hata akaweza kumfungua. Elimu ya mahali na uhalifu yaweza kufanya kazi zote mbili, nayo haijui yenyewe itafanya ipi. Muuza vitabu hakuwa na ramani wala nadharia. Mara alipopata mtu wa kumwachia duka, alikimbia kwenda kusema alichokiona.